SANAMU NDOGO ZA RISASI NA MALI YA YATIMA



Ndugu yangu, dada yangu, leo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika "haramu" kwenye maoni. Jambo lenyewe wengi wetu hapa pwani hatujawahi kulitia machoni, lakini lina watu wake, na safari hii limeingia nyumba ya Waislamu kwa mlango wa mirathi.

Dada yetu mmoja wa Mombasa aliyeolewa Uingereza ameniandikia. Mumewe, Mwingereza aliyesilimu, amefariki, Allah amrehemu. Ameacha mke, watoto wawili wadogo, na chumba cha juu kilichojaa masanduku. Ndani ya masanduku mna sanamu ndogo za madini, mamia kwa mamia, nyingi hazizidi urefu wa kidole gumba: askari wenye ngao, mazimwi, mbilikimo wenye ndevu na mashoka, majoka, mifupa ya watu iliyoshika panga. Baadhi zimepakwa rangi kwa ustadi mpaka unaona mboni ya jicho. Nyingine hazijaguswa kabisa. Jamaa mmoja mwenye ghera akamwambia: "Hayo ni masanamu, malaika hawaingii humo, yatie kwenye mfuko wa taka leo leo." Dada ananiuliza: nitupe?

Jibu langu ni kwamba usitupe. Na huyo jamaa, pamoja na nia yake njema, amekuelekeza kwenye dhambi akidhani anakutoa kwenye dhambi.

Wanazuoni wetu wamesema kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa. Basi tukielewe kwanza. Hivi ni vitu vya mchezo wa mezani. Wachezaji wawili wanapanga majeshi yao juu ya meza, wanapima mwendo kwa futi ya kupimia, wanarusha dadu kujua nani kashinda. Uingereza mchezo huu una mji wake, Nottingham, na kampuni yake, Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikazaliwa Citadel Miniatures ya kutengeneza sanamu zenyewe, na mwaka 1983 ukatoka mchezo wa Warhammer. Mchongaji hufinyanga umbo la kwanza kwa mkono, likakandamizwa ndani ya kalibu ya mpira, kisha kalibu ikazungushwa kwa kasi huku madini yaliyoyeyushwa yakimiminwa katikati, yajisukume mpaka kwenye kila kidole na kila mkunjo wa nguo. Ni kazi ya watu wenye subira. Mmoja wa wachongaji wao mashuhuri, Michael Perry, alipoteza mkono wa kulia kwa ajali ya mzinga katika maigizo ya vita vya kale huko Ufaransa, akajifunza upya kuchonga kwa mkono wa kushoto. Sisi wenye mikono miwili tunashindwa kuandika wasia wa ukurasa mmoja. Nitalirudia hilo.

Leo kampuni hizo hutoa zaidi sanamu za plastiki. Kwa hiyo zile za madini za miaka ya 1980 hazitengenezwi tena kama zamani, na wazee waliozichezea wakiwa vijana wanazitafuta kwa hamu. Kipande kimoja adimu huuzwa makumi ya pauni. Sasa zidisha kwa chumba kizima, halafu niambie tena habari ya mfuko wa taka.

Tuje kwenye hukumu. Jumhuri ya wanazuoni wamekataza kutengeneza sanamu kamili ya kiumbe chenye roho, ile yenye kivuli. Hilo silipunguzi wala silizungushi. Lakini wanazuoni hao hao wengi wao wametoa nje ya katazo vitu vya watoto vya kuchezea, na ushahidi wao unaujua: Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwamba upepo ulifunua pazia, Mtume (s.a.w.) akawaona wanasesere, na katikati yao akaona farasi aliyefanyiwa mabawa mawili ya vitambaa. Akauliza habari ya farasi mwenye mabawa. Bi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.). Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Zingatia, farasi wa namna ile hakuwa akifungwa kwenye zizi lolote la Madina. Alikuwa farasi wa masimulizi, katika mchezo wa nyumbani, na Mtume hakumkemea mwenye kumchezea.

Wapo waliosema ruhusa hiyo ni ya watoto peke yao. Wapo waliosema ilikuwepo kisha ikaondolewa. Na wapo waliotazama sababu, wakasema kitu cha mchezo hushikwa, huangushwa, hutupwa sakafuni, hakitukuzwi, kwa hiyo hakiko katika yale yaliyohofiwa. Mimi kwa vipande hivi vya mezani naegemea kauli hii ya mwisho, ila kwa mpaka. Mtu mzima akivipanga kwenye kabati la kioo lenye taa, katikati ya sebule, mchezo umekwisha hapo na maonyesho yameanza, na hilo simshauri Muislamu yeyote. Chumba cha swala visikae. Na kijana mwenye mkono mwepesi wa brashi nampeleka kwa Ibn Abbas (r.a.), aliyemwelekeza mtu wa kazi ya picha kwenye miti na kila kisicho na roho. Mchezo huu umejaa minara, magofu, madaraja na misitu. Paka rangi hiyo mpaka uchoke. (Habari ya dadu ni mlango mwingine na wengi wamekataza kuzichezea. Leo siufungui.)

Lakini rudi kwenye swali lililoulizwa. Dada hakuuliza "Je, nianze kukusanya?" Anauliza juu ya mali iliyokwisha kuwepo. Marehemu akishazikwa na madeni yake yakalipwa na wasia ukatekelezwa, mke mwenye watoto ana thumuni. Yaani katika sehemu 8, yake ni 1. Zilizobaki, ikiwa hakuna mrithi mwingine Muislamu, ni za wale watoto wawili. Kwa hiyo anayebeba masanduku kuyapeleka jalalani ameshika mali ambayo sehemu zake 7 ni za yatima. Aya ya 10 ya Surat an-Nisaa unaijua. Hata mwenye msimamo mkali kabisa, anayesema umbo la sanamu halina thamani katika sharia, anakubali kwamba madini yake yana thamani. Basi kwa kauli ipi utatupa? Ghera yako ni yako, lakini mali si yako.

Sasa kuna jambo ambalo jamaa yetu hakulijua kabisa, nalo kwangu ni zito kuliko mjadala wote huo. Sanamu za miaka ile zilimiminwa kwa mchanganyiko wenye risasi nyingi. Nasema risasi madini, ile nzito ya kijivu. Ni sumu, na mtoto mdogo inamdhuru ubongo hata kwa kiasi kidogo. Kampuni ziliiacha katika miaka ya 1990 zikaingia kwenye madini yasiyo na risasi. Umeona jambo hili lilivyogeuka? Sababu ile ile ambayo wanafiqhi walilegezea, kwamba ni kitu cha mtoto kuchezea, ndiyo inayokatazwa na madini yenyewe. Mtoto atamwomba mama abaki na joka moja alilopaka rangi na baba yake. Mama, moyo wako utalainika, na una haki. Mpe la plastiki. La risasi usimpe, hata likiwa limefunikwa rangi, maana rangi hubanduka na kidole cha mtoto makazi yake ni mdomoni. Nawe ukizishika nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Na usije ukaambiwa uziyeyushe jikoni uuze madini. Moshi wake na vumbi lake vitabaki ndani ya nyumba.

Dada, kuuza nako kuna elimu yake, na mwenye amana lazima aijue au amtafute anayeijua. Usizisafishe. Kuna watu huzitumbukiza kwenye Dettol, ndiyo, hii hii Dettol yetu ya bafuni, siku nzima, rangi ya zamani ikalegea wakaisugua kwa mswaki. Lakini kipande kilichopakwa rangi na fundi kinaweza kuwa na thamani kuliko kitupu, na ukishasugua hakirudi. Geuza kipande utazame chini. Vingi vya katikati ya miaka ya 1980 na kuendelea vina kijiulimi cha kuchomeka kwenye kitako cha plastiki, na mara nyingi ubavuni mwa kijiulimi hicho pamechorwa jina la kampuni, pengine na mwaka. Vya kabla ya hapo kitako ni cha madini, kimeungana na miguu. Ukiona unga mweupe unachipuka juu ya madini, risasi inaoza. Mara nyingi husababishwa na mvuke wa tindikali unaotoka kwenye mbao, hasa za mwaloni. Vihamishe kwenye makopo ya plastiki na usiupulize ule unga.

Na hapa kuna mtego wa ghishi. Wapo wanaochukua sanamu ya asili, wakaitia kwenye kalibu yao wenyewe, wakatoa nakala na kuziuza kwa bei ya asili. Madini yakipoa husinyaa, kwa hiyo nakala hutoka ndogo kidogo, sura imefifia, mara nyingine ina matundu ya hewa. Marehemu pengine alinunua baadhi akidanganywa, pengine alinunua akijua, Allah ndiye Mjuzi. Wewe ukiuza, kipande unachokitilia shaka kitenge, umwambie mnunuzi una shaka nacho. Mwenye chakula kilicholowa aliyekificha chini ya kikavu, Mtume (s.a.w.) alimkemea pale pale sokoni. Mnunuzi asiye Muislamu haki yake katika hili ni ile ile.

Sehemu moja sina ulaini nayo. Mwaka 1988 na 1990 mchezo huu ulitoa vitabu viwili vya mashetani wa kubuni, na baadhi ya sanamu zilizofuata vitabu hivyo ziko uchi. Hizo zitengwe, zikatwe vichwa, madini yake yapelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na pesa yake iingie kwenye hesabu ya watoto kama nyingine.

Namalizia na nyinyi mlio hai. Najua wapo vijana wetu Leicester, London na Birmingham wanaokusanya, kwa sababu wameanza kuniandikia kwa jina la "rafiki yangu anauliza". Mwanangu, ulichonacho nusu yake hujakipaka rangi, na bado mwezi huu umenunua tena. Wenzako wenyewe huzitania rundo zao kwa jina la aibu. Hiyo ndiyo hesabu yako na Mola wako kabla hatujafika kwenye habari ya picha. Acha kununua mpaka umalize ulivyonavyo au umeviuza.

Kisha chukua daftari. Andika kipi ni nini, ulikipata wapi, kipi una shaka nacho, kipi ulikopa hujamaliza kulipa, kipi ni cha rafiki uliyeazima. Kila sanduku lenye risasi libandike karatasi yenye neno RISASI kwa herufi kubwa. Andika jina la mtu mmoja mwaminifu anayejua bei, mkeo amwulize. Weka daftari juu ya masanduku, umwonyeshe mkeo lilipo, usiku wa leo kabla hujalala.

Wallahu a'lam.