Maisha ya Bibi Yaandikwe Angali Hai

Kumkumbuka mama au bibi aliyefariki kuna taratibu zake katika vijiji vya bonde la Rufiji kama Mkongo. Watu huzika, hukaa matanga, husoma hitima, na siku ya arobaini hukusanyika tena kwa dua na sadaka. Taratibu hizo ni njema na hazina budi kudumishwa. Lakini dua humwombea marehemu, haisimulii alivyoishi. Cheti cha kifo kinataja jina, tarehe, sababu na machache mengine, basi. Miaka sabini au themanini ya uhai wake haina pa kuandikwa, ila watoto na wajukuu waiandike wenyewe.

Na miaka hiyo imebeba mengi. Bibi wa Mkongo aliyezaliwa kabla ya Uhuru anayajua mashamba ya mlau, yanayopandwa bondeni maji ya mafuriko yakishapungua na udongo ungali na unyevu. Analijua dungu, kibanda cha juu ya nguzo, alimokaa msimu mzima akiamia ndege wa mpunga tangu alfajiri, mtoto mgongoni na mjukuu kando yake ameshika kombeo. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya sehemu zilizoinuka. Makazi yakawa huku, mashamba yakabaki kule, na umbali huo uliwaelemea hasa akina mama. Vitabuni uhamisho huo huitwa Operesheni Rufiji. Bibi ndiye ajuaye nani alikataa kuhama, miembe ya nani iliachwa, na makaburi yapi yalibaki bondeni. Tangu Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lianze kujazwa maji Desemba 2022, wanaoweza kusimulia mto ulivyokuwa zamani wana thamani kubwa zaidi, nao wanapungua.

Faida ya kuuliza mapema imeshaonekana. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilianzia Umatumbi, jirani kabisa na Rufiji. Katika miaka ya 1960 wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Gilbert Gwassa akiwa mmoja wao, walikwenda vijijini kuwauliza wazee waliokuwa bado hai. Bila kazi hiyo, vita hivyo vingesomwa zaidi katika majalada ya Wajerumani waliovizima. Bibi Titi Mohamed naye, aliyekuwa mbunge wa Rufiji hadi 1965, alimsimulia mwanahistoria Susan Geiger maisha yake mwaka 1984. Kitabu cha Geiger kilitoka 1997, na Bibi Titi akafariki Novemba 2000.

Anayefaa kuuliza ni mjukuu. Mtoto humwonea mama yake haya, na yapo mambo hathubutu kuyagusa. Mjukuu ana utani na bibi yake. Wa kiume huitwa “mume wangu”, naye hujibu bila kuogopa. Basi aanze na vitu vilivyomo ndani: mkeka huu nani alikufundisha kuusuka, mbegu hii ya mpunga ilitoka wapi, kanga hii ulipewa siku gani? Swali la “tueleze maisha yako” humnyamazisha mzee. Simu ya mkononi yatosha kurekodi, na maneno yaandikwe kama alivyoyasema, hata akichanganya Kirufiji.

Asipambwe. Kama alikuwa mkali, au aliachika akalea watoto peke yake kwa jembe, iandikwe hivyo, kwa kuwa ndiye huyo aliyependwa. Atakalotaka lifichwe, lifichwe.

Daftari moja halitoshi: mchwa wapo, na maji ya Aprili 2024 yaliingia katika nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti. Kila mtoto wa bibi apate nakala yake. Na bibi akishafariki, siku ya arobaini, hitima ikishasomwa, kurasa chache zisomwe mbele ya jamaa, ili waliokua naye wasahihishe majina na miaka hapo hapo.