Nyumba ya Makumbusho ya Kitale

Mtu atokaye Bungoma kwa njia ya Webuye na Kiminini, akifika Kitale hushughulika na soko, mbegu, mbolea na mashauri ya mashamba, kisha jioni hurejea kwao. Ni wachache wakumbukao kuendelea mbele kidogo, kando ya barabara iendayo Eldoret, ilipo nyumba ya makumbusho. Na hao wachache nao, wakiulizwa waliona nini, aghalabu hutaja nyoka na mamba, basi. Lakini habari ya nyumba hiyo ni kubwa kuliko nyoka.

Asili yake ni mtu mmoja. Luteni Kanali Hugh Fraser Stoneham alianza kukusanya wadudu mwaka 1894, angali mtoto, wala hakuacha mpaka alipofariki mwaka 1966. Alikusanya vipepeo, ndege na vitabu. Mwaka 1926, mwaka ule ule ambao reli itokayo Eldoret ilifika Kitale, aliweka makumbusho yake mwenyewe, yakaitwa kwa jina lake.

Mkulima anayepigana na viwavi katika mahindi yake aweza kuuliza: mtu mzima akimbiaye na wavu nyuma ya kipepeo apata faida gani? Kwanza, kiwavi ni mtoto wa kipepeo au wa nondo, na ni vigumu kumshinda adui ambaye mzazi wake hajulikani. Tena kuna jambo la pili. Kipepeo akiisha kufa hutandazwa mabawa juu ya ubao, hupigwa pini kifuani, akaachwa akauke. Kazi hiyo hata kijana wa shule aweza kujifunza. Thamani yenyewe imo katika karatasi ndogo iliyo chini ya pini, iandikwayo mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Pasipo karatasi hiyo kipepeo ni pambo tu; akiwa nayo ni shahidi. Hata msitu ukiisha kukatwa na kugeuzwa shamba la mahindi, yeye huonyesha kwamba siku fulani, mahali fulani, viumbe wa namna yake walikuwako.

Haifai kuficha jambo lisilopendeza. Siku hizo nchi ya Trans Nzoia ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu. Wabukusu wengi wa upande wa Bungoma waliingia huko kwa kazi za mashambani, wala hawakuwa na haki ya kumiliki hata kipande cha ardhi waliyoilima. Elimu ya ndege na vipepeo wa nchi hiyo ilikuwa imefungwa katika makabati ya mtu binafsi.

Basi Stoneham alipofariki, Kenya ikiwa huru tangu mwaka 1963, swali lilikuwa moja: mali hii ni ya nani? Mkusanyo wa wadudu si kama ng'ombe, ambao hurithiwa wakazaana. Usipotunzwa, wadudu wadogo walio hai huingia masandukuni wakawala waliokufa, na unyevu huleta ukungu. Mwishowe hubaki pini na vumbi. Mwenyewe angaliweza kuusia upelekwe ng'ambo, au uuzwe kipande kipande. Hakufanya hivyo. Katika wasia wake aliuacha kwa taifa la Kenya, pamoja na fedha za kujengea nyumba mpya. Nyumba hiyo ilifunguliwa Desemba 1974, ikaitwa Makumbusho ya Taifa ya Magharibi ya Kenya. Leo watu wengi huyaita Makumbusho ya Kitale tu.

Tangu hapo vipepeo wamepata wenzao. Nje zimejengwa nyumba za kienyeji, zikiwamo za Waluhya, Wanandi na Wasabaot. Mzee wa Bungoma aweza kusimama mlangoni pa nyumba ya nyasi akamweleza mjukuu wake mahali pa jiko na mahali pa ndama, asihitaji kusomewa kibao chochote. Nyuma yake iko njia ipitayo katika msitu wa kando ya mto, na miti ya asili ambayo katika mashamba mengi ya jirani imekwisha kuwa kuni.

Yako pia maonyesho ya gesi itokanayo na samadi, nayo yawahusu wakulima hasa. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na maji, hutiwa katika shimo lililozibwa hewa isiingie. Humo huoza ikatoa gesi, nayo hupita katika bomba mpaka jikoni, ikawaka pasipo moshi. Mabaki yake hayatupwi; ni mbolea nzuri, hurudishwa shambani. Mwenye ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa zizini afadhali aanzie hapo, na nyoka awaache mpaka mwisho.