MKONO WA KUSHOTO SI PEPO: Neno kwa Wapiga Dramu na Viongozi wa Sifa



Leo nataka kusema na timu ya sifa, na hasa na wazee na viongozi wanaosimamia vijana kwenye dramu. Kuna jambo linaumiza watoto wetu kimyakimya, na wengine wameacha vijiti kabisa kwa sababu yake.

Ni hivi. Kijana mwenye shoto anaketi kwenye dramu. Mkono wake wa kushoto unaenda wenyewe kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Mara anasikia sauti: "Badilisha mkono! Huo si mkono wa kumpigia Mungu." Akiuliza sababu, anaambiwa ana kiburi. Kuna mahali anaitwa mbele aombewe, kana kwamba ana pepo.

Msimamo wangu ni huu: mkono gani uongoze kwenye dramu ni swali la kazi, si swali la utakatifu. Mwacheni kijana aongoze kwa mkono unaobeba mdundo vizuri. Kisha mfundisheni kufanya mazoezi kwa mikono yote miwili.

Tuanze na Neno. Waamuzi 3:15 inamtaja Ehudi, mwokozi ambaye Bwana aliwainulia Israeli. Alikuwa mwenye shoto, na Biblia haimwombei abadilike. Tena alikuwa wa kabila la Benyamini, na jina hilo maana yake ni mwana wa mkono wa kuume! Ukisoma Waamuzi 20:16 utawakuta watu 700 wenye shoto, mafundi wa kombeo wenye shabaha ya kushangaza. Hao walikuwa upande uliokosea katika vita ile, lakini kosa lao halikuwa mkono. Halafu 1 Mambo ya Nyakati 12:2 inaonyesha watu waliomjia Daudi, wanaotumia mkono wa kulia na wa kushoto pia kwa mawe na mishale.

Najua swali linalofuata. "Mchungaji, na wale mbuzi wa mkono wa kushoto katika Mathayo 25?" Mpendwa, soma mpaka mwisho wa sura. Hawakuhukumiwa kwa mkono waliotumia. Walihukumiwa kwa sababu waliona mwenye njaa, mgeni na mfungwa, wakapita. Unaweza kupiga dramu kwa mkono wa kulia miaka yote na bado ukasimama upande ule.

Wengine watasema ni adabu. Nakubali adabu. Ukimpa mzee kikombe cha chai, mpe kwa mkono wa kulia. Sisi tumelelewa hivyo na ni vizuri. Lakini sneya si mzee, na hakuna anayesalimiwa pale. Mhubiri 9:10 inatutaka tufanye kwa nguvu zetu kazi ambayo mkono wetu umeipata. Haisemi ni mkono upi.

Sasa tuje kwenye kiti cha dramu, maana wengi wanatetea mpangilio ambao hawajui ulikotoka. Katika miaka ya 1920 matoazi ya mguu yalikuwa chini, karibu na sakafu, yakipigwa kwa mguu tu. Baadaye yalipandishwa juu ya chuma ili yafikiwe kwa vijiti, lakini yakabaki upande wa mguu wa kushoto. Mkono wa kulia, uliozoea kubeba mdundo, ukalazimika kuvuka juu ya wa kushoto ili kuyafikia. Mpaka leo tunapiga mikono ikiwa imepishana. Ni mazoea ya mafundi. Hakuna aliyeyapokea mlimani pamoja na zile amri kumi.

Kwa hiyo kijana mwenye shoto ana njia tatu, na zote ni halali.

1. Kugeuza seti nzima, kila kitu kihamie upande wa pili. Phil Collins ni mwenye shoto na alipiga hivyo. Njia hii ni nzuri, ila ina gharama kanisani ambako seti ni moja na wapigaji ni watatu. Ukiichagua, mwanangu, fika mapema, geuza, na ukimaliza rudisha ulivyokuta. Usimwachie mwenzako mzigo wa chaguo lako.

2. Kuacha seti ilivyo, mkono wa kushoto upige haihati na wa kulia upige sneya, bila kupishana. Billy Cobham, mpigaji mkubwa aliyezaliwa Panama, anajulikana kwa kuongoza haihati kwa mkono wa kushoto. Kwa makanisa yetu mengi naona hii ndiyo njia rahisi. Hakuna anayehamishiwa kitu.

3. Kupiga kama wenye mkono wa kulia, kwa hiari yako. Ringo Starr wa Beatles ni mwenye shoto, na alipiga seti iliyopangwa kwa mkono wa kulia. Namna yake ya kuzunguka ngoma ikawa tofauti na ya wengine, na watu wakaipenda hivyo hivyo.

Utajuaje njia yako? Keti mezani na vijiti viwili. Piga mdundo mmoja usiokatika, dakika tano, mkono mmoja kisha mwingine. Usikilize ule unaobaki sawasawa ukichoka. Huo ndio wa kubeba haihati. Usichague kwa aibu, wala usichague ili uonekane wa tofauti.

Na ninyi wa mkono wa kulia msishangilie bado. Nina neno lenu.

Kwenye wimbo wa hesabu nne, ukigawa kila hesabu vipigo vinne na mikono ikapokezana, kila hesabu inaangukia mkono ulioanza. Mkono wako dhaifu unaweza kujificha hapo mwaka mzima. Lakini wimbo ukigeuka kuwa wa sita, kama nyimbo zetu nyingi za kuabudu, hebu hesabu: moja kulia, mbili kushoto, tatu kulia, nne kushoto. Ile nne ndipo kanisa linapiga makofi, na imeangukia mkono ambao hukuufanyisha mazoezi! Ndiyo maana mdundo unalegea, kisha tunasema leo uwepo haukushuka. Wakati mwingine uwepo uko. Ni mkono wa kushoto ulioachwa njaa.

Dawa ipo. Wapiga dramu wana zoezi wanaloliita paradido: kulia, kushoto, kulia, kulia, halafu kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Vipigo vinane, kila mkono vinne, na uongozi unabadilishana. Lifanye polepole kila siku kabla ya kugusa simu. Zaburi 33:3 inataka tumpigie Bwana kwa ustadi, na ustadi haushuki Jumapili asubuhi kama hukuukaribisha Jumanne.

Wazee wangu na viongozi, nawasihi kwa heshima. Kijana akifika na mkono wake wa kushoto, mwulizeni maswali mawili tu: mdundo unasimama? Moyo uko kwa Bwana? Kama mdundo hausimami, mpelekeni kwa mwalimu. Kama moyo una shida, ketini naye mwongee. Lakini msikemee mkono. Mtoto ukimwambia kila wiki kwamba alivyoumbwa ni kosa, siku moja atakuamini, na ataupeleka mkono ule mahali ambapo hawamwulizi kitu. Huko nje kuna watu wengi wanaotafuta mpiga dramu.

Nawe kijana uliyeacha kwa sababu ya maneno, rudi. Kiti chako bado kipo.

Tuombe: Baba, asante kwa mikono uliyoiumba, ya kulia na ya kushoto. Wape watoto wetu bidii ya mazoezi na unyenyekevu kwa wenzao. Wape viongozi wetu macho ya kutofautisha dhambi na mazoea. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mwenye shoto kwenye timu yenu ya sifa, mtumie ujumbe huu leo. Barikiwa sana.