Mshika hela ndiye bingwa wa pool

Kimya changu kilikuwa cha likizo, nilikuwa home Tunduma nakula vumbi la malori ya Zambia. Nimerudi chuo na hasira zangu, maana kile kilichommaliza mdogo wangu mpakani nimekikuta hapa hosteli, kwa jina lilelile: "tunawekeana tu kishkaji."

Ni hivi. Pale baa ya mtaani kwetu kuna meza ya pool, na wikiendi wanacheza mashindano ya watu wanane, mtoano. Hayo sina ugomvi nayo, mwenye mkono wake ale. Ugomvi wangu ni dau la pembeni. Wewe unachagua mchezaji wako, mwenzako wake, kila mmoja anatoa 10,000, na ambaye mchezaji wake atadumu zaidi ndiye anachukua. Hela anashika mtu wa tatu. Huyo anakata 2,000 yake ya kushika, na wachezaji wenu wakitoka raundi moja, hela yote anabaki nayo. Eti sheria ya meza! Dogo anashusha mizigo kwenye malori, na alichokuwa anaweka pale ni ada ya chuo cha ufundi.

Nilipomwambia unaibiwa, akacheka. "Bro, wanaokula ni kampuni za mikeka. Hapa ni nusu kwa nusu." Juzi jirani yangu wa hosteli, tena mtu wa takwimu mwaka wa tatu, kaniambia hivyohivyo. Dah!

Haya, tupige hesabu. Tuchukulie wachezaji wote wanane wako sawa, na wenu wawili hawawezi kukutana kabla ya fainali. Wote kutoka raundi ya kwanza: nusu mara nusu, robo. Wote kutoka nusu fainali: robo mara robo, 1/16. Jumla 5/16, na hiyo ni ya mshika hela. Inabaki 11/16, mnagawana, yako 11/32. Ukishinda unapewa 18,000. Zidisha kwa 11/32 unapata 6,187 na senti kidogo. Wewe ulitoa 10,000. Kwa hiyo kila ukiweka, kwa wastani, unaacha zaidi ya 3,800 pale mezani.

Bado unabisha? Wekeaneni mara 32. Kwa wastani wewe unapoteza 122,000, mwenzako 122,000, na mshika hela anaondoka na 244,000 bila kugusa fimbo.

Na mkeka je? Tuseme kampuni imejikatia asilimia 5 kwenye kila mechi. Mkeka wa mechi kumi, 0.95 ijizidishe mara kumi, buku lako linabaki na thamani ya kama 600, kabla ya kodi ya ushindi. Dau letu la kishkaji elfu yake ina thamani ya kama 619. Yaani mnawacheka watu wa mikeka mkiwa mmekaa nao benchi moja.

Najua kuna atakayesema "mimi wachezaji nawajua." Sawa mzee. Hata tukiacha sare zilivyo, ili usipate hasara inabidi ushinde mara nne na zaidi katika kila tano zinazoamuliwa. Ukiwajua kiasi hicho, mwenzako naye anawajua, hatakuwekea.

Mwaka 1654 Pascal na Fermat waliandikiana barua kuhusu hela ya mchezo uliokatika njiani igawanywe vipi. Jibu lao: kila mtu apate kulingana na nafasi yake ya kushinda. Wachezaji wawili, hela yote inarudi kwao. Wa tatu hayupo.

Wabadilisha kwacha pale njia ya Nakonde wanalijua hili kuliko sisi wa darasani. Hawabahatishi kitu. Wananunua chini, wanauza juu, jioni wanahesabu. Mshika hela ni mtu huyohuyo, ila tofauti yake ni ya kutisha na hakuna anayeiuliza.

Kabla sijapanda basi nilimfuata. Nikamwambia, broo, sare watu warudishiwe, na ya kushika usikate, ndiyo iwe kishkaji kweli. Akanitazama, akasema, "Sasa mimi hapo nakaa kufanya nini?"

Jirani yangu wa takwimu, swali hilo nakuachia. Dogo ada bado hajalipa. Nawasilisha.