Waumini na wasioamini: heshima hupimwa siku mtu anapobadili upande

Mwezi wa kwanza 2025, Mubarak Bala alitoka gerezani nchini Nigeria, kisha akaenda kuishi mahali pa siri kwa kuhofia usalama wake. Hakuiba wala hakuua mtu. Bala, mzaliwa wa familia ya Kiislamu ya Kano, aliacha dini, akawa kiongozi wa chama cha watu wasioamini Mungu, na akaandika kwenye Facebook maneno ambayo Waislamu wengi waliyaona kuwa matusi kwa Mtume wao.

Safari yake ilianza mbali. Mwaka 2014, ndugu zake walimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili baada ya yeye kusema kwamba haamini tena. Tarehe 28 mwezi wa nne 2020, polisi walimkamata mjini Kaduna. Miaka miwili baadaye, mahakama ya Kano ilimhukumu kifungo cha miaka 24. Mwezi wa tano 2024, Mahakama ya Rufaa iliona adhabu hiyo imepita kipimo, ikaipunguza hadi miaka 5.

Nchini Kenya, mtu mwingine alibadili upande, lakini yeye alitoka kwa wasioamini kwenda kwa waumini. Mwaka 2021, Seth Mahiga, katibu wa chama cha wasioamini cha nchi hiyo, alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo. Mwenyekiti wake, Harrison Mumia, alimshukuru kwa kazi aliyofanya, akamtakia mema katika imani yake mpya, na kutangaza kwamba nafasi ya katibu iko wazi. Wakenya wengi walicheka, na mambo yakaishia hapo.

Chama hicho chenyewe hakikupokelewa kwa mikono miwili. Kiliandikishwa mwezi wa pili 2016, na miezi michache baadaye serikali ikakisimamisha, ikitaja wasiwasi wa raia na utulivu wa umma. Kilienda mahakamani, na baadaye kikaendelea na kazi zake.

Wanaume hao wawili walifanya jambo moja: kila mmoja alifuata dhamiri yake. Tofauti ni jinsi walivyotendewa na wale waliowaacha nyuma. Kuna watakaosema kwamba Mahiga hakumtukana mtu, na kwamba Bala aliwaumiza waumini. Hoja hiyo ina uzito. Mtu anayedai uhuru wa kutoamini hana sababu ya kudharau kile ambacho jirani yake anakiona kuwa kitakatifu. Lakini Bala alipelekwa hospitali miaka sita kabla ya kukamatwa kwa maneno ya Facebook. Wakati ule, kuacha kuamini kulitosha kuonekana kama ugonjwa. Na neno lililomuumiza mtu linaweza kujibiwa kwa neno. Miaka 24 gerezani si jibu.

Waumini wenyewe hawako salama pale ambapo hasira ya dini inageuka hukumu. Mwezi wa tano 2022, mjini Sokoto, kaskazini mwa Nigeria hiyohiyo, mwanafunzi Mkristo aliuawa na kundi la watu, wakiwemo wanafunzi wenzake, baada ya kushutumiwa kumtusi Mtume. Yeye alikuwa mtu wa kusali. Mlango unaofunguliwa kwa ajili ya kumwadhibu asiyeamini hupitiwa pia na yule anayeamini tofauti.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina sheria iliyo wazi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha kwanza, inasema kwamba serikali haifungamani na dini yoyote. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini, na kinataja dini pamoja na misimamo mingine ya moyoni. Kwa hiyo, anayekwenda misa, anayekwenda msikitini na asiyekwenda popote wanalindwa na kifungu kimoja.

Sheria hiyo inakutana na maisha ya kila siku hasa shuleni. Mwaka 1974, utawala wa Mobutu ulizitwaa shule za makanisa. Mwaka 1977, serikali ikatia sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa uongozi wake. Ndipo zilipotokea shule za conventionnées za Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na baadaye za Waislamu. Ni shule za serikali zinazoongozwa na dini, na ndizo zinazopokea sehemu kubwa ya watoto wa nchi. Katika vijiji vingi vya mashariki, ndiyo shule pekee iliyo karibu.

Hapo heshima inadaiwa pande zote mbili. Asiyeamini hawezi kusahau kwamba katika miaka ya vita, parokia na misikiti zimepokea wakimbizi, na kwamba makanisa yameendesha hospitali pale serikali ilipokosekana. Muumini naye hawezi kumwita jirani yake mpagani au mchawi kwa sababu tu haonekani kwenye ibada siku ya Mungu, wala kumtenga kwenye matanga.

Kifungu cha 45 cha Katiba kinasema kwamba shule za taifa zinaweza kuwapa watoto mafundisho ya dini, kwa ushirikiano na viongozi wa dini, ikiwa wazazi wameomba. Neno zito hapo ni kuomba. Mzazi anayeweza kuomba anaweza pia kukaa bila kuomba. Siku mzazi wa Bukavu, Bunia au Kalemie atakapomwambia mwalimu mkuu kwamba yeye hakuomba, na mtoto wake akaendelea kusoma na kucheza na wenzake kama jana, kifungu hicho kitakuwa kimetoka kwenye karatasi.