"Si yeye, ni mnyama aliye ndani yake"

Katika mkutano wa kikundi cha akiba, mama mmoja aliniuliza hivi: "Mwalimu, binti yangu ana miaka 16 na analala na simu chini ya mto. Nimechungulia, nikakuta hadithi ya watu wanaogeuka wanyama halafu wanapendana. Je, ni mambo ya ulozi? Nimnyang'anye ile simu?" Wengi waliitikia kwamba shida hiyo iko hata kwao. Basi nijibu hapa ili tusaidiane wote.

Kwanza, hadithi zenyewe zikoje? Msichana ametoka katika ukoo wa watu wanaogeuka chui. Kijana ametoka katika ukoo wa mbwa mwitu, mnyama ambaye hakuna mtu wa Katuba amewahi kumwona. Koo hizo mbili ni maadui. Wale wawili wanatukanana, wanapigana, wanawindana usiku. Kisha inatokea alama mwilini, au ndoto, au neno la bibi mzee, na wanajua kwamba wamefungwa pamoja tangu kabla ya kuzaliwa. Katika ukurasa wa mwisho chuki imekuwa ndoa.

Mama, si ulozi. Hata babu zetu walizijua habari za namna hii. Wabemba wana neno lake, kusanguka, yaani kugeuka kitu kingine. Nani kati yetu hakuogopeshwa utotoni na habari za simba ambaye si simba? Mtoto anayesoma kurasa 200 kwa hiari yake anajifunza kusoma vizuri, na mimi kama mwalimu siwezi kulia kwa hilo.

Shida iko mahali pengine. Msichana mmoja alikuwa akizungumza na wenzake juu ya mchumba wake ambaye alimpiga kofi. Wenzake wakakasirika. Yeye akajibu: "Si yeye, ni mnyama aliye ndani yake. Sisi tumeandikiwa." Hapo hadithi imetoka kwenye simu na kuingia nyumbani. Katika kitabu, mwandishi anajua tangu mwanzo kwamba kijana atageuka kuwa mpole, kwa sababu ni yeye mwenyewe anayemgeuza. Mtaani hakuna mwandishi. Kuna binti yako na kofi.

Ndiyo maana nawaambia, msinyang'anye simu. Wapeni watoto hadithi zetu pia, wazilinganishe.

Waluba wanaita upinde wa mvua nkongolo. Wazee wanasimulia kwamba ni nyoka wawili, dume na jike, wanaokaa katika mito tofauti, na wanapokutana juu ndipo tunaona rangi zile. Ni uzuri wa kushangaza. Lakini wazee wanaongeza neno moja: nkongolo inakausha mvua. Wale wawili wanawaka juu, na chini mahindi yananyauka. Tena Nkongolo Mwamba, yule mfalme mkatili wa masimulizi ya Waluba, ndiye anayebeba jina hilo. Babu zetu walijua kwamba kuna mapenzi yanayong'aa kwa macho lakini hayaleti maji shambani.

Ya pili ni habari ya Lueji, binti wa Walunda, wa upande wa Musumba, katika Kapanga, ambayo leo iko katika jimbo la Lualaba. Baba yake, Konde, alitendewa vibaya na wanawe wa kiume, Chinguli na Chinyama. Lueji ndiye aliyemtunza, na mzee akamwachia yeye lukano, bangili ya utawala. Kisha akaja mwindaji mgeni kutoka kwa Waluba, Chibinda Ilunga. Alikuwa mtu wa kabila lingine, mwenye silaha, na kaka zake Lueji hawakumtaka kabisa. Lueji akampenda, akaolewa naye, na kwa mkono wake mwenyewe akampa lukano. Kaka zake wakaondoka na watu wao kwenda magharibi, upande wa Angola ya leo.

Angalieni vizuri hapo. Masimulizi hayasemi kwamba Ilunga alimteka wala kwamba alimpiga ili baadaye abadilike. Lueji alikuwa na bangili mkononi, akachagua. Na uchaguzi wake ulikuwa na bei: alipoteza ndugu. Mtu aliyeambiwa "umeandikiwa" hahesabu bei, kwa sababu anadhani hana la kuchagua.

Hata sheria yetu inasimama upande wa kuchagua. Sheria ya jamaa, kama ilivyorekebishwa Julai 2016, inasema hakuna ndoa kabla ya miaka 18, kwa msichana na kwa mvulana, na kila mmoja anapaswa kukubali yeye mwenyewe. Kukubali huko hakufanywi na alama ya mwilini, wala na mjomba, wala na mali ya ndoa iliyokwisha kupokelewa.

Basi jioni, mnapochambua sombe au mnapongoja bukari iive, mwambie binti akusimulie hadithi anayoisoma. Usicheke, usikemee. Akimaliza, muulize mambo matatu. Yule kijana aliacha kumuumiza msichana lini: kabla ya kupendwa, au baada? Msichana angesema hapana, hadithi ingemruhusu? Na nani alilipa bei ya mapenzi yao? Mwache ajibu polepole. Mara nyingi atajibu vizuri kuliko tulivyotegemea.

Wavulana pia waulizwe. Kijana akizoea kusikia kwamba ndani yake kuna mnyama asiyeweza kuzuiwa, siku moja atamfungulia mlango.

Adui anaweza kuwa mpenzi, hilo ni kweli. Katika mji huu wetu wa watu waliotoka kila upande kufuata shaba, kuna ndoa nyingi nzuri za watu ambao jamaa zao zilikuwa haziamkiani. Lakini kugeuka kwa mtu kuonekane kwa macho kabla ya kuingia nyumbani mwake. Usiingie kwanza ndipo ungoje ageuke.

Juma lijalo tutaongea juu ya karo na daftari ya matumizi ya nyumba. Mbaki na amani.