KAZI YA MIKONO: Taa za treni ya mukebe



Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na hapa Makomeno, mtaa wa watu wa shemandefere, mtoto anajua treni mbele ya kujua kusoma. Wengi wanatengeneza katreni kwa mikebe. Leo tuitilie taa.

Tafuteni diode mbili za kuwaka: nyeupe ya mbele, nyekundu ya nyuma. Diode inapitisha umeme upande moja tu. Basi, fungeni mguu murefu wa moja pamoja na mufupi wa ingine, pande zote mbili. Tieni rezistansi ya omu 150 njiani, kisha ungeni kwenye nyaya za moteri ndogo. Kwa pile tatu, volti 4,5, treni inaenda mbele na nyeupe inawaka. Geuza nyaya za pile: inarudi nyuma, nyekundu inawaka. Ikiwaka kinyume, badilisha diode. Treni za maduka ya Ulaya ziko na dekoda, kamashini ka kusoma amri zenye kupita katika reli. Ya kwetu inatosha.

Mtoto atalia: «Papa, ona, inawaka!» Papa, furahi, lakini uliza: «Mwanangu, waya ulitosha wapi?» Akisema: «Kwa radio yetu ya kufa», mushukuru. Akisema: «Kwa reli», msilale. Waya ya signali ikikatwa, mashinisti wa treni ya kweli anakuwa kama kipofu, na nyuma yake kuna mama na watoto. Mwende wote wawili kuirudisha, bila fimbo.

Taa ya wizi haiangazi nyumba.